Kwa Nini Wote Walikwenda Kushoto

Montreal, Kanada

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi ambayo hata mwezi wa nne umeshindwa kuiondoa. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, maana ni ndefu, na nisingependa uisome umesimama katikati ya shamba kama Wafula alivyoniambia uliisoma ile ya kwanza. Goti linaendeleaje? Mama anasema siku hizi unalisingizia mvua. Na mahindi je, mmemaliza kupanda, au kile kipande cha chini karibu na mto bado kimejaa maji? Wafula alinitumia picha, nikaona mistari imenyooka kabisa, nikajua aliyeshika kamba ulikuwa wewe. Mwambie ndugu yangu asikasirike.

Mimi ni mzima. Ninakula, ninalala, na kanisa nimepata, ingawa huku ibada yao huisha kabla yetu sisi hatujamaliza kusalimiana.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu imetushinda mimi na wewe. Nikipiga unasema, "Eeh, eeh, haya," kisha unampa Mama, na mimi najua hukupata hata neno moja. Sikulaumu. Lakini kuna jambo nataka ulipate kutoka kwangu mwenyewe. Likipitia kwa Mama, akupigie kelele hapo jikoni, litafika likiwa limegeuka msiba, na si msiba.

Kwanza nikueleze kazi, maana sijawahi kukueleza vizuri. Siku ile nilipokuambia naacha kufundisha fizikia pale Bungoma, uliuliza, "Nasimiyu, unaacha chaki ya serikali ukatengeneze sauti za gemu? Kwani hiyo gemu haiwezi kulia yenyewe?" Mama alicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Na siku ya kuondoka hukunisindikiza, ulisema una kazi ya ua. Lakini lile swali, Baba, nimekaa nalo miaka mitatu, na hakuna mtu huku aliyewahi kuniuliza swali zuri kulishinda. Gemu haiwezi kulia yenyewe. Mchoraji akichora mlango, mlango haulii. Ukichorwa mto, umekaa tu hapo bubu kama picha ya kalenda. Kila hatua ya mguu, kila jani, kila kuku, lazima mtu aketi aitafute sauti yake.

Na mara nyingi sauti ya kweli haifai. Huku nje wakati wa baridi kali kuna theluji mpaka magotini, lakini ukiirekodi inasikika kama mtu anayekunja gazeti. Unajua tunatumia nini kupata mlio wa mguu kwenye theluji? Wanga wa mahindi. Unaujaza ndani ya mfuko mdogo wa ngozi, unaufinya mbele ya maikrofoni, kwek, kwek, kwek, na kila mtu anaona baridi. Siku ya kwanza nilipoufinya ule mfuko nilijiambia, haya, nimevuka bahari nikakutana na unga.

Jambo la ajabu ni kwamba mchezaji hajui kama anasikia. Ukimuuliza atakuambia aliona. Mwili wake ndio umesikia kabla yake. Hili wewe unalijua. Ngurumo ikipiga upande wa Elgon, Mama anakuwa ameshashika beseni la nguo kabla hajasema neno. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyeshika pedi ya gemu. Nikiweka mvumo mzito wa chini kabisa, ule ambao karibu hausikiki, mabega yake yanapanda na hajui kwa nini. Nikiwanyamazisha ndege ghafla, anasimama. Nikimpa mvua ya polepole juu ya mabati, anaegemea kiti na kushusha pumzi. Ndiyo kazi yangu, Baba. Nashika mabega ya watu nisiowajua.

Sasa nije kwenye habari.

Studio yetu ni ndogo, watu kumi na wawili tu, juu ya duka la mikate. Gemu tunayotengeneza inahusu msichana anayetafuta ng'ombe wa kwao waliopotea mlimani. Kuna sehemu moja ambayo nilipewa mimi peke yangu. Ukungu unashuka mpaka skrini yote inakuwa nyeupe, na mchezaji haoni kitu. Amevaa hedfoni, anasikia kengele ya ng'ombe anayeongoza wenzake. Anatakiwa aifuate, avuke bonde, apite daraja, awafikishe nyumbani. Sauti tu ndiyo inayomwongoza. Niliifanyia kazi miezi minne, na nilijivuna nayo sana, Mungu anisamehe.

Kabla gemu haijatoka huletwa watu wa kawaida waijaribu. Sisi tunakaa chumba cha pili tunawatazama kupitia kioo. Siku ya kwanza walikuja sita. Wa kwanza alikuwa mzee mmoja dereva wa basi mstaafu. Aliingia kwenye ukungu, akasikiliza, akaenda kushoto, akatumbukia kwenye kinamasi. Akarudi mwanzo, akaenda tena kushoto, akatumbukia tena. Mabega yalikuwa yamefika masikioni, anafuta viganja kwenye suruali. Wa pili vilevile. Wa tatu, mwanamke mwenye sauti ya upole, alivua hedfoni akaziweka mezani taratibu kama kitu kinachoweza kumwuma, akasema, "Samahani, hapa panatisha, sitaki tena." Wote sita walikwenda kushoto. Hakuna hata mmoja aliyefika nyumbani.

Mkubwa wetu ni mama mmoja anaitwa Hélène. Si mtu wa kupaza sauti, na hilo ndilo linaloogopesha.

"Nasimiyu," alisema, "umeweka nini kule kushoto?"

"Sijaweka kitu."

"Basi kuna kitu umeweka bila kujua. Watu sita hawawezi kupotea njia moja kwa bahati mbaya."

Akanipa wiki mbili. Baada ya hapo, kama bonde bado linapoteza watu, litakatwa, gemu itatoka bila sehemu hiyo. Hakusema habari ya mkataba wangu, lakini mkataba ulikuwa umebakiza mwezi mmoja na kila mtu alijua niliajiriwa kwa ajili ya bonde lile. Bila mkataba ningepewa siku chache za kufunga mizigo. Nilikuona, Baba, nikishuka pale nyumbani, soko la Kwanza, na sanduku, na wewe unafunga tu waya wa ua.

Nilifanya kile anachofanya mtu mwenye hofu. Niliongeza. Niliongeza upepo upande wa kulia, nikaongeza maji, nikaongeza ndege. Kila nilichoongeza kilizidi kuharibu.

Anayekaa meza ya pembeni yangu ni kijana anaitwa Étienne, mtaratibu, anapenda karoti mbichi. Siku ya tatu nilimwomba asikilize. Alivaa hedfoni zangu, akafumba macho, akazivua.

"Kushoto kuna nguvu mno," akasema.

"Hapana. Pande zote ziko sawa kabisa. Kengele iko katikati."

"Haiko katikati. Angalia mshale."

Kwenye kompyuta kuna mishale miwili inayoonyesha nguvu ya sauti, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia. Wa kushoto ulikuwa juu, tena si kidogo. Nilimwambia kompyuta imeharibika. Tukajaribu yake, mshale ukawa vilevile. Nikasema hedfoni ndizo mbovu. Étienne hakubishana. Alisema tu, "Zivae kinyume."

Nikazigeuza, ya kushoto nikaivaa kulia. Baba, ile kengele ilinipiga sikio la kulia kama mtu aliyekuja kunipigia hapo hapo. Na upande wa kushoto, palikuwa kama mtu amefunga mlango.

Nilikaa. Nimefundisha watoto wa watu mawimbi ya sauti, nimechora masikio ubaoni kwa chaki za rangi, na sikujua kwamba langu moja limekufa nusu. Nilikuwa naongeza nguvu kushoto mpaka mimi nisikie sawa, na mtu mwenye masikio mazima akivaa, dunia nzima inamvuta upande mmoja. Anaufuata. Wale watu sita walikuwa wanafuata sikio langu bovu mpaka kwenye kinamasi.

Kesho yake nilikwenda kwa daktari wa masikio. Wanakufungia kwenye chumba kidogo kisicho na mwangwi, wanakupa kitufe, unabonyeza kila ukisikia mlio. Upande wa kulia nilibonyeza kama mtu anayepiga chapa. Upande wa kushoto nilibonyeza, nikangoja, nikangoja. Nikadhani wamekwenda kunywa chai. Daktari alinionyesha mstari kwenye karatasi. Ulikwenda vizuri halafu ukaporomoka kama njia ya kushuka mtoni.

Akauliza, "Ulikulia karibu na mashine yoyote?"

Nikamwambia, "Nilikulia ndani ya mashine."

Hapa ndipo nataka utulie kidogo, Baba, uvute pumzi, usiweke barua chini. Najua unawaza nini. Unawaza ile poshomili yetu ya kusagia mahindi pale Kwanza, na mimi wa darasa la tatu nimeshika mdomo wa gunia unga ukiteremka, injini ikiwa kushoto kwangu, kila Jumamosi na kila likizo mpaka nikaenda shule ya bweni Kitale. Unasema, ni mimi niliyemweka pale. Basi nikuambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kila asubuhi ulinipa pamba niweke masikioni. Uliikata mwenyewe kutoka kwenye ule mto wa zamani na kuisokota kwa vidole. Wengine wenye mashine hawakuwapa watoto wao chochote. Na mimi, ukigeuka tu kumimina mahindi, niliitoa nikaificha mfukoni, kwa sababu wanawake waliokuja kusaga walikuwa na habari tamu sana na sikutaka zinipite. Ndoa ngapi za pale Kwanza nilizijua kabla ya padre! Ulinilinda, Baba. Niliyetoa pamba ni mimi. Wewe mwenyewe hukuwa na wa kukusokotea.

Nilimpelekea Hélène ile karatasi ya daktari asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimeshakunja vitu vyangu vya mezani, kikombe na kitenge cha kiti. Alisoma, akavua miwani.

"Unajua mimi siku hizi simsikii mbu?" akasema. "Ananiuma, mume wangu ananiambia yuko hapo sikioni kwako, mimi simsikii. Na hapa ndani mimi ndiye mkubwa. Unadhani nani kati yetu ana masikio kamili?"

Sikujua kama natakiwa kucheka.

"Kuanzia leo Étienne atakupimia kushoto na kulia," akaendelea. "Hilo limekwisha. Lakini bonde bado ni lako, na siku zako zimebaki tisa."

Tulisawazisha. Étienne alipima, mimi nikapunguza, mpaka mishale ikawa inapanda na kushuka pamoja. Tukawaita wenzetu wa ofisini wajaribu. Hawakwenda tena kushoto. Sasa walipotea kila upande! Waliifuata kengele vizuri, lakini kengele iko shingoni mwa ng'ombe, na ng'ombe anatembea. Walijua ng'ombe yuko wapi, hawakujua nyumbani ni wapi. Mabega yakawa yako juu vilevile.

Nilikwenda kutembea. Kulikuwa na theluji mpya, na theluji inameza sauti, gari linapita hapo na husikii kitu. Nikajaribu kufikiria mtu anayetembea kwenye ukungu bila kuogopa. Nikawakumbuka akina mama wa ng'ambo ya mto waliokuja kwetu na debe kichwani, asubuhi zile za mwezi wa saba ambapo hata ng'ombe kwenye kamba humwoni. Hawakuwahi kupotea. Ulikuwa umefunga kopo pale juu ya bomba la moshi la injini, na lile kopo liliita tuu, tuu, tuu, mpaka ng'ambo kule. Waliokuwa mbali walijua umefungua, na walijua waelekee wapi. Halikutikisika, halikuhama. Waliweza kusimama wakazungumza, wakatua mzigo, wakaendelea.

Nikampigia Wafula. Nikamwambia, nitafutie poshomili ya dizeli, ya zamani, yenye kopo. Akaniambia, "Dada, wewe umekaa sana huko. Siku hizi zote ni za stima, zinanguruma tu kama friji." Lakini alitafuta. Akapata moja Kachibora, ya mzee mmoja aliyekataa kubadilisha. Akaniambia Jumanne atakwenda kurekodi kwa simu. Hakuniambia anakwenda na nani.

Rekodi ilipofika nilivaa hedfoni. Kwanza upepo, kuku, Wafula anapumua. Halafu injini ikazungushwa, ikakohoa, ikashika. Na kabla haijatulia nikasikia sauti yako.

"Zima! Zima kwanza! Mkanda umeregea!"

Umesema "umeregea", kwa ile r ya nyumbani, na nilikuwa sijaisikia miaka mitatu.

Mwenye mashine anabishana nawe: "Mzee, si iko sawa bana! Ndivyo hulia hii."

"Haiko sawa. Weka mkono hapa. Hapa. Unaona?"

Kisha kimya, spana inagonga chuma, mtu anaguna. Halafu ikawashwa tena, na Baba, ilikwenda kama moyo wa mtu aliyelala. Lile kopo likaanza kuita. Nilimwuliza Wafula ulijuaje, na wewe hata honi ya lori huisikii. Akasema ulikuwa umeweka kiganja juu ya fremu ya mashine, umefumba macho, kama mtu anayeombea mgonjwa. Akasema pia ulimwambia aisogeze simu mbali na mlango isiingie unga, na kwamba mlipokuwa mkirudi ulimwuliza mara mbili, "Kwani imeshika vizuri? Atapata kitu?"

Sikujua kwamba ulitaka nipate kitu. Ningelijua hilo mapema ningeliandika mapema.

Étienne alipoisikiliza aliuliza, "Huyu anayepiga kelele ni nani?"

"Ni baba yangu."

"Anasema nini?"

"Anasema wamekosea."

Akacheka mpaka karoti ikamwanguka.

Niliondoa vitu vyote nilivyokuwa nimeongeza. Upepo, maji, ndege, hata ule mvumo wa chini wa kutisha. Nikabakiza kengele, nyayo za msichana, na mbali kule, upande wa nyumbani, mashine inasaga. Ukiielekea inakuwa wazi, ukiipa mgongo inakuwa kama iko nyuma ya ukuta. Hakuna kingine.

Watu wa majaribio wakarudi, wengine wapya. Mmoja wao, mwanamke wa makamo, alikuja na dada yake. Dada anaitwa Odile, na haoni tangu utotoni. Alikuja tu kumsindikiza, akakaa pembeni na fimbo yake nyeupe. Yule aliyealikwa alipofika kwenye ukungu alisema kwa sauti, "Hapa hakuna hata cha kuona, pote ni peupe."

Odile akanyoosha mkono. "Kama hakuna cha kuona basi tuko sawa wote. Nipe."

Hélène akasogea karibu na kioo. Odile alivaa hedfoni, dada yake akamwonyesha vitufe kwa vidole. Mwanzoni hakwenda popote. Alisimama tu katikati ya bonde, ameinamisha kichwa kidogo, kama unavyoinamisha wewe mtu akikuita. Nikadhani ameshindwa. Halafu akageuka, polepole, mpaka mashine ikawa mbele yake. Akaanza kutembea. Kengele ikapotea kulia, akasimama, akaisubiri, ikarudi, akaendelea. Pale kwenye daraja, ambapo kila mtu hujikwaa, alisikia nyayo zimebadilika kutoka udongo kuwa mbao, akapunguza mwendo mwenyewe. Mabega yake hayakupanda hata kidogo. Alifika uani na ng'ombe wote, na alifika haraka kuliko mtu yeyote wa siku ile.

Dada yake alikuwa amenyamaza muda wote. Odile aliondoa hedfoni sikio moja, pedi hakuiachia.

"Miaka yote nacheza na dada," alisema. "Yeye ananiambia kulia, kushoto, ruka, simama. Leo hajaniambia kitu." Akairudisha hedfoni sikioni. "Huko mbali, nani anasaga?"

Nilimsogezea Étienne kipaza sauti. Yeye ndiye aliyemjibu kwamba ni baba yangu.

Basi, Baba, bonde limebaki. Mkataba wangu umeongezwa miaka miwili, na wameniambia niipitie gemu nzima, sehemu baada ya sehemu, mtu asiyeona aweze kuicheza mwanzo mpaka mwisho. Odile anakuja kila Alhamisi kunikosoa. Ni mkali kuliko mkaguzi wa shule.

Na sikioni nimewekewa kile kifaa cha kusikilizia. Ni kidogo kama punje ya maharagwe, nina wiki ya tatu nacho. Siku ya kwanza kilinichosha. Nilisikia koti langu mwenyewe likisuguana. Nilisikia karatasi. Nilisikia Étienne akitafuna, nikatamani kukivua. Lakini nilipotoka nje, theluji ya paa ilikuwa inayeyuka, na matone yalianguka kushoto kwangu, moja, moja, nikasimama pale barabarani watu wakinipita.

Mama aliniambia kwamba mwaka jana kule kliniki ya Kitale walitaka kukupa kimoja ukakataa, ukamwambia daktari hicho ni cha wazee. Baba, mimi nina miaka thelathini na miwili na ninacho. Sitakudanganya kwamba kinarudisha yote. Daktari aliniambia wazi kilichokufa kimekufa, na wewe umepoteza zaidi yangu. Pengine utasikia nusu ya mahubiri, na hiyo nusu huenda isiwe ile nzuri. Lakini rudi Kitale. Nenda na Mama. Mwache aulize maswali yote anayotaka kuuliza, usimvute mkono kumwambia mmechelewa.

Nifikishie salamu kwa Mama, na umwambie kitenge alichonipa ndicho ninachokalia kazini. Msalimie Wafula na mke wake, na mtoto wao ambaye sijambeba. Msalimie Senge, dada yako wa Tongaren, mwambie bado namwombea mgongo wake. Msalimie pia mwalimu mkuu wangu wa zamani pale Bungoma mkikutana, na mzee wa Kachibora mwenye mashine, mwambie mkanda wake unasikika Kanada.

Nilitaka kufunga hapa, lakini Hélène amenipitia mezani sasa hivi na swali. Mwisho wa gemu huwa kuna orodha ya majina ya watu wote walioitengeneza, yanapanda juu ya skrini taratibu. Wanataka kuandika jina la aliyeiweka sawa ile mashine. Nilianza kuwaandikia Zakayo, kama ilivyo kwenye cheti cha ubatizo, kisha nikafuta nikaandika Wanjala, kisha nikakumbuka kwamba sokoni Kwanza hakuna aliyekuita lolote kati ya hayo, walikuita Fundi. Nimemwambia Hélène angoje. Amesema orodha itakaa wazi mpaka barua yako ifike.

Niandikie, Baba, kwa mkono wako, vile unavyotaka lisomeke.

Mimi binti yako anayekupenda,
Nasimiyu